Madarasa Tumeyaona, Wanaojua Kusoma Wako Wapi?

Mtoto wa jirani yetu yuko darasa la tatu. Likizo iliyopita alikuja kwetu na kitabu chake cha shule, akanisomea ukurasa mzima bila kusita. Palikuwa na picha ya mwanamke yuko jikoni, naye akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Mama anapika ugali." Kitabu kilisema mama anapika wali. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwambia arudie. Akanyamaza. Nikamwonyesha herufi m, akaitaja. Nikamwonyesha a, akaitaja. Nikamuuliza zikikaa pamoja zinasemaje. Akanitazama usoni, kama vile jibu limeandikwa kwenye paji la uso wangu.

Huyu mtoto si mjinga, naomba tuelewane. Ukimtuma dukani na noti ya elfu tano anarudi na chenji kamili, na muuza duka hathubutu kumdanganya. Anajua majina ya wachezaji wote wa Simba na wa Yanga. Amekaa darasani zaidi ya miaka miwili, anavaa sare, anawahi namba, anafagia uwanja. Ila hajui kusoma, na kwa akili zake amegundua njia ya kutuficha: anaangalia picha, anakumbuka sauti ya mwalimu, anabuni.

Nilipomuuliza mama yake, alisema mwalimu ni mzuri tu, tatizo darasani wako mia na ishirini. Hapo nikachukua simu nikapiga hesabu. Kipindi cha nusu saa kina sekunde 1,800. Gawanya kwa watoto 120. Kila mtoto anapata sekunde 15. Na hizo ni za mwalimu asiyefuta ubao, asiyenyamazisha kelele, asiyeitwa ofisini, mwalimu ambaye hayupo duniani. Katika sekunde 15 huwezi hata kujua kwamba mtoto anasoma picha. Darasa zima likiitikia kwa pamoja, "ba, be, bi, bo, bu," sauti ya asiyejua inamezwa na sauti za wanaojua, na wote wanaonekana wanajua. Kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Tungekifikia kesho asubuhi, kila mtoto angepata sekunde 40.

Sasa, sisi vijana wa upinzani tumezoea vita ya namba, na hii vita tumekuwa tukipigana kwenye uwanja wa wenzetu. Mwaka 2016 nchi nzima iliambiwa ihesabu madawati. Wakuu wa mikoa walishindana kwa madawati, wafanyabiashara walipiga picha na madawati. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, yakajengwa madarasa 15,000, na mpaka leo ukiwaambia elimu ina shida watakuonyesha picha ya darasa lenye rangi mpya. Na sisi tunajibu nini? Tunasema madarasa hayatoshi, vyoo havitoshi, madawati yamevunjika. Ni kweli tupu. Lakini hapo tumekubali kwamba elimu ni kitu cha kuhesabiwa kwa matofali, tunabishania idadi tu. Hakuna mkutano wetu hata mmoja niliohudhuria ambapo mtu alisimama akauliza: katika shule ya msingi ya kata hii, watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma ni wangapi, na ni akina nani?

Swali hilo linajibika. Tangu 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, wakimkalisha mtoto mmoja mmoja na karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo yalishtua: watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma ile hadithi, na wapo waliofika darasa la saba bila kuiweza. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yale ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Tulikuwa wadogo, lakini kaka na dada zetu wanakumbuka kilio cha mwezi ule wa pili 2013. Wale hawakufeli kidato cha nne. Wengi wao walifeli darasa la pili, taarifa ndiyo ilichelewa miaka tisa.

Kwa haki, serikali haikukaa tu. Mwaka 2015 ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukawa wa kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK, na walimu wakapewa mafunzo. Lilikuwa jambo zuri na sitaki kulikataa kwa sababu limefanywa na CCM. Mwaka uliofuata elimu bila ada ikaanza, madarasa ya kwanza yakafurika, na mwalimu aliyefundishwa mbinu mpya akajikuta mbele ya umati.

Ninachotaka tukidai ni kitu kidogo na kinachochosha: mtoto aliyeachwa nyuma katika kusoma akae na mtu mzima, wawili tu au katika kikundi kidogo sana, dakika chache kila siku ya shule, mpaka asome. Aanze darasa la kwanza au la pili, kabla aibu haijamjaa. Maana akishafika darasa la tano tatizo si silabi tena, ni kwamba ameshajifunza kukaa nyuma na kunyamaza, na kumtoa huko ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kusoma.

Wapo watakaosema hii ni ndoto ya Ulaya. Kwani tuisheni ni nini? Ya mtoto mmoja mmoja tayari ipo Tanzania, imejaa, na inalipiwa. Mtoto wa mkurugenzi akichelewa kusoma, mwalimu anakuja nyumbani jioni, anakaa naye mezani, anapewa juisi na nauli. Hakuna anayesema ni ghali au ni ya kizungu. Inakuwa ndoto pale tu anapotajwa mtoto wa mama ntilie.

Iliyojulikana zaidi duniani ilizaliwa New Zealand. Miaka ya 1970 Marie Clay, mwanasaikolojia wa Auckland, alibuni mpango ulioitwa Reading Recovery. Mtoto wa miaka sita, aliyemaliza mwaka wake wa kwanza shuleni na bado yuko mkiani, anakaa na mwalimu aliyefundishwa kazi hiyo tu, wawili peke yao, nusu saa kila siku, kwa wiki 12 hadi 20. Mpango ukasambaa Australia, Marekani, Uingereza. Watoto walipanda, wazazi walilia kwa furaha, na tathmini kubwa iliyofanyika Marekani baada ya 2010 ilionyesha kwamba mwisho wa mpango watoto walikuwa wamepiga hatua kweli.

Ningeishia hapo, makala ingekuwa tamu. Lakini mwaka 2022 watafiti walewale wa Marekani, wakiongozwa na Henry May, waliwafuatilia watoto walipofika darasa la tatu na la nne. Walikuta waliopita kwenye mpango wako chini ya wenzao waliofanana nao ambao hawakupita. Chini! Mwaka 2024 serikali ya New Zealand yenyewe, huko ulikozaliwa, ikatangaza kuacha kuufadhili na kupeleka fedha kwenye mafundisho yanayoanza na sauti za herufi.

Kwa nini? Mabishano hayajaisha, na huenda ulikosekana msaada wa kuendelea baada ya wiki ishirini. Ila moja ya lawama kubwa ni hii: mtoto alifundishwa, akikwama kwenye neno, aangalie picha, afikirie habari inaendaje, abashiri. Sasa rudi kwa yule mtoto wa jirani yetu na ugali wake. Kile alichobuni mwenyewe ili ajifiche, huko kwingine kilifundishwa kama mbinu. Vitabu vya watoto wadogo vina picha, kwa hiyo kubashiri kunalipa. Vitabu vinapokua picha zinaondoka, na mtoto anabaki na ukurasa mweusi wa maneno asiyoyaweza.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu sisi wana siasa tunapenda jina la mpango kuliko mpango wenyewe. Tukisema tu "kila mtoto apewe mwalimu wake," tunaweza kutumia fedha nyingi kumkalisha mtoto na mtu anayemfundisha kubashiri. Kinachofanyika katika ile nusu saa ndicho chenye maana. Na hapa Mungu ametupendelea, lugha yetu inasomeka kama inavyoandikwa. Mtoto wa Kiingereza anateswa na maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile. Wa Kiswahili akishajua m na a ni ma, basi ni ma kwenye mama, ma kwenye maji na ma kwenye mahakama. Akishazikamata silabi, mlango umefunguka. Kazi inayobaki ni kusoma sana mpaka isome haraka, na kuelewa. Yule wangu nilikaa naye kibarazani dakika ishirini kila jioni, bila picha, kwa vikaratasi vya silabi nilivyokata kwenye maboksi ya biskuti. Tulianza na silabi za jina lake mwenyewe. Sitadai muujiza: wiki ya kwanza alilia mara mbili, na wiki ya tatu nilikuwa natamani kulia mimi. Wiki ya nne alisoma maandishi ya nyuma ya daladala, polepole, kisha akauliza yana maana gani. Nilishindwa kumjibu, yalikuwa maneno ya watu wazima.

Najua mtauliza, fedha ziko wapi za kumpa kila mtoto mwalimu? Haihitajiki kila mtoto, na haihitajiki siku zote mwalimu mwenye shahada. Kati ya 2001 na 2003, huko India, shirika la Pratham liliwachukua wasichana wa mitaa ya Mumbai na Vadodara, wengi wamemaliza sekondari tu, likawapa mafunzo mafupi na malipo madogo. Waliitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto. Kila siku waliwatoa darasani watoto wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma, vikundi vya watoto 15 hadi 20, wakakaa nao kama saa mbili wakirudia misingi. Utafiti wa Abhijit Banerjee na Esther Duflo na wenzao ulionyesha alama zikipanda, na walionufaika zaidi walikuwa wale wa chini kabisa. Ile karatasi ya Uwezo ya kupima mtoto mmoja mmoja asili yake ni hukohuko India, kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya sayari nyingine.

Tuseme shule ina watoto 200 wa darasa la pili. Wapimwe mmoja mmoja, dakika tano kila mtoto, ni kazi ya siku chache. Tuseme 60 wamekwama. Wagawe kwa kiwango, katika vikundi vya sita au saba, kila siku. Wengi watatoka baada ya muhula. Watabaki labda kumi, na hao ndio wa kukaa na mtu mmoja mmoja, na hao pia ndio wa kupimwa macho na masikio, maana mara nyingine "mzito" ni mtoto asiyeona ubao. Nani atawafundisha? Mtaani kwenu kuna binti aliyemaliza ualimu miaka mitatu iliyopita anauza vocha. Kuna kaka mwenye shahada ya elimu anaendesha bodaboda. Nchi ina watoto wasio na mwalimu na walimu wasio na watoto, wanaishi mtaa mmoja, na bado tunaambiwa tatizo ni rasilimali. Wapewe mkataba na walipwe. Nasema walipwe kwa herufi kubwa, kwa sababu neno "kujitolea" limeshakuwa jina la kumtumikisha kijana bure.

Na fedha peke yake haitoshi, hilo tumeshapimiwa hapahapa nyumbani. Mwaka 2013 na 2014 shule 350 katika wilaya 10 ziliingizwa kwenye jaribio la KiuFunza la Twaweza. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, baadhi walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayejua KKK, baadhi zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujua kusoma. Ilipoungana na bonasi, watoto walijifunza. Mimi si shabiki wa kumlipa mwalimu kwa kichwa, naona hatari zake, lakini funzo lake silikimbii: fedha ilifanya kazi pale mtu alipohesabu wanaojua kusoma.

Sasa niingie kwenye fani yangu kidogo, mnivumilie. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kifungu cha 35, inalazimisha mtoto aliyefika umri wa shule aandikishwe na ahudhurie. Mzazi asiyempeleka anaweza kushtakiwa. Sawa. Je, mzazi akimpeleka kila siku, mvua na jua, na mtoto akamaliza bila kujua kusoma, nani anashtakiwa? Hakuna. Ukienda kwenye Katiba, Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kujielimisha. Unafurahi. Halafu unarudi nyuma hadi Ibara ya 7(2), unakuta sehemu yote ile haiwezi kupelekwa mahakamani. Mara ya kwanza niliposoma hivyo nilidhani nimekosea ukurasa. Wakenya wenzetu kwenye Katiba yao ya 2010 waliiweka elimu ya msingi ya mtoto, bure na ya lazima, Ibara ya 53, ndani ya haki zinazodaiwa kortini. Tunaposema Katiba Mpya tusiishie kwenye tume ya uchaguzi na madaraka ya Rais. Iwemo na hii.

Haki kudaiwa kortini si maneno matupu. Huko California wanafunzi na walimu waliishtaki serikali ya jimbo kwamba shule zimeshindwa kuwafundisha watoto kusoma, kesi ya Ella T. Mwaka 2020 serikali ikakubali kumalizana nao kwa dola milioni 53, nyingi zikaenda kwenye shule 75 za msingi zilizokuwa mkiani, kwa kazi ya kusoma ya madarasa ya chini. Jaji hafundishi silabi, najua. Lakini alifanya serikali ikae mezani na watoto wa shule ya msingi, jambo ambalo hata sisi wenye kadi za chama hatujaweza.

Tena kuna kifungu kingine kinachotuhusu moja kwa moja. Ibara ya 67 ya Katiba inasema anayegombea ubunge awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza. Mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, wote tunakumbuka wagombea wa upinzani walivyoenguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, mengine ya kuchekesha. Tulipiga kelele na tulikuwa na haki. Lakini fikiria mtoto anayesoma picha. Huyo ameenguliwa akiwa na miaka minane, bila fomu, bila rufaa, na hakuna aliyeitisha mkutano na waandishi. Akikua atakuja kwenye mkutano wetu wa hadhara, atapiga makofi, na sisi tutamgawia ilani ya kurasa mia na kitu. Akipiga kura vibaya tutaandika mtandaoni kwamba wananchi hawajitambui. Nimeziona hizo posti, na nyingine nilizipenda. Nimeziondolea alama ya kupenda.

Ombi langu kwa uongozi wa vijana ni kwamba kabla ya bajeti ijayo ya Wizara ya Elimu, kila tawi liwe na namba moja tu: watoto wangapi wa darasa la tatu katika kata yetu wamekwama kwenye silabi. Tusiingie shuleni na bendera, shule si jukwaa la siasa, na mwalimu mkuu akionekana na sisi atahamishwa yeye. Tukae nje, vibarazani, kwenye viwanja vya misikiti na makanisa wakiturudhia, bila sare ya chama, kwa ruhusa ya wazazi, wakiwa wanatuona. Tupime, na tunayemkuta amekwama tukae naye. Mwanachama mmoja, mtoto mmoja, dakika ishirini. Nimeshaandika karatasi ya kupimia, ina silabi ishirini, maneno kumi, aya moja na hadithi fupi. Haina picha. Anayeitaka aniandikie hapo chini kwenye maoni, nitamtumia, na mwenye mashine ya kutoa kopi bure ajitokeze, maana hizo za kwanza nimetoa kwa hela ya boom na imeisha.